Kifua cha Kuazima

Mteja akifika kwenye baraza ya fundi Évariste, pale Kabondo, alimsalimu fundi kisha akamgeukia binti yake, Nyota. Ndivyo mambo yalivyokwenda kila siku baada ya masomo. Baba alikaa nyuma ya cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na Nyota alikaa kwenye kigoda kando yake. Baba alisema yake, na mgeni alisikia kama mtu anayeongea huku ana wali mdomoni. Kisha Nyota aliyasema upya.

"Papa anasema abacost yako itakuwa tayari Ijumaa," alisema. "Anasema tena, kama umenenepa tangu alipokupima, useme sasa, si siku ya kuvaa."

Mteja alicheka, akashika tumbo lake na kukubali kupimwa upya. Mwaka ule wa 1984, kila mwanaume wa ofisi pale Kisangani alitaka koti hilo lisilo na tai, na sikukuu ya chama tawala ya mwezi wa tano ilikuwa imekaribia. Kazi ilijaa barazani mpaka vitambaa vilipangwa chini ya kitanda.

Miaka miwili nyuma, Baba aliotwa na uvimbe mdogo pembeni mwa ulimi. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Alishona huku moja inawaka mdomoni na nyingine imekaa nyuma ya sikio ikingoja zamu. Uvimbe ule ulikuwa saratani. Daktari Lofemba alimpasua, akaondoa sehemu ya ulimi, na Baba akapona. Sigara aliacha. Maneno yake yalibaki mabovu, ila mkewe na binti yake waliyaelewa, kwa kuwa waliyasikia kila siku. Hapa tutayaandika kama Nyota alivyoyasikia.

Tangu siku alipomwona baba yake akitolewa chumba cha upasuaji, uso umevimba na macho yamefumba, Nyota alipatwa na ganzi. Hakulia hospitalini, wala hakulia alipofika nyumbani. Watu walimsifu kuwa ni msichana wa miaka kumi na miwili mwenye moyo mgumu. Haikuwa kweli. Alikuwa hausikii tu moyo wake, ukiwa mgumu au ukiwa laini. Alikula, alisoma, aliimba na wenzake mbele ya bendera asubuhi, na yote yalikuwa sawasawa kwake.

Daktari Lofemba alikuwa ametoa agizo moja: kila mwaka Baba apigwe picha ya kifua, hata akijisikia mzima kama chuma. Alieleza kwamba mtu aliyewahi kuugua saratani, tena akiwa amevuta sigara miaka mingi, anaweza kupata nyingine kwenye mapafu bila kuhisi chochote. Mwaka wa kwanza Baba alikwenda, na picha ilikuwa safi. Mwaka huu siku ilipofika, alisema ana kazi nyingi. Juma lililofuata alisema hivyo hivyo.

Mama yake Nyota, Mama Marie-Jeanne, hakuwa mtu wa kuchoka. Alilisema jambo hilo asubuhi wakati wa chai, akalisema jioni akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Évariste, ile picha."

"Ndiyo, ndiyo," alijibu mumewe.

"Ndiyo yako haina miguu. Haifikake hospitali."

Siku moja Mama alipokwenda sokoni, Baba alimwita Nyota karibu na cherehani. Tonton Sébastien, mdogo wake Baba, alikuwa amekwishafika na ameegemea nguzo. Tonton alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, mtu mwenye kifua kipana kama mlango, na hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake.

"Mama yako hatatulia mpaka aone picha," Baba alisema. "Bon. Picha ataiona. Tonton wako atasimama mbele ya mashine, na wewe utaongea."

Nyota aliwatazama wote wawili. Jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Pale mtaani, kijana aliyetaka kazi alidaiwa picha ya kifua, na aliyekuwa na kikohozi alimtafuta ndugu mwenye pumzi nzuri asimame badala yake. Walikuita kuazima kifua. Tonton Sébastien alikuwa amekwishaazimisha chake kwa marafiki, na alijivunia kwamba hakuna aliyekosa kazi kwa sababu yake. Tena hapa ilikuwa rahisi zaidi. Serikali ilipoamuru watu waache majina ya ubatizo, kila mmoja wa ndugu hao alikwenda kuandikisha jina la babu yao bila kumuuliza mwenzake, na wote wawili wakatoka Mulonda. Nyumbani walibaki Évariste na Sébastien, lakini hospitalini Mulonda alikuwa Mulonda.

"Papa, na kama ndani yako kuna kitu?" Nyota aliuliza.

Baba alipitisha uzi kwenye tundu la sindano kabla ya kujibu. "Wakikuta kitu watakata. Ulimi walikata. Sasa watakata nini? Nyota, mimi nimechoka kukatwa. Usimwambie mama yako."

Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema anaogopa. Hata sasa hakulitaja neno lenyewe, lakini Nyota, ambaye kazi yake ilikuwa kumwelewa, alilielewa. Alikubali kwa kichwa.

Hospitalini, tonton Sébastien alivaa shati la Baba, ambalo halikufunga vifungo, na aliamriwa asifungue mdomo. Kwake hiyo ilikuwa adhabu. Fundi wa picha, kijana aliyevaa koti jeupe, alimuuliza jina.

"Ni Citoyen Mulonda," Nyota alijibu, kwa neno lililotumika siku hizo badala ya bwana. "Ni papa yangu. Haongeake muzuri, juu walimukata ulimi."

Kijana yule aliingiwa na huruma. Alimshika tonton begani kwa upole, akamsimamisha mbele ya mashine, akamwambia avute pumzi na asiiachie. Tonton alivuta pumzi ya kutosha ukoo mzima. Walipomaliza alitaka kusema asante, akakumbuka, akaigeuza kikohozi. Nyota alimtazama kijana anavyowahurumia na akangoja aone haya. Haya haikuja. Hilo lilimshangaza kidogo, kisha nalo likapita.

Picha ilipokauka, Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda nayo kwa Daktari Lofemba, pamoja na Nyota. Daktari alikuwa mrefu, mwenye nywele zilizoanza kuota mvi, na alilikumbuka kila kovu alilowahi kushona. Alimtazama Baba mdomoni, akaridhika. Kisha akaiinua picha mbele ya dirisha ili mwanga upite.

Aliisogeza karibu zaidi na kioo. "Citoyen Mulonda, ulivuta sigara miaka mingapi?"

"Nyingi," Baba alisema, na Nyota akasema, "Nyingi."

"Basi umebahatika. Haya ni mapafu ya kijana. Ile picha ya mwaka jana iko wapi, nilinganishe?"

Picha ya mwaka jana ilikuwa nyumbani, juu ya kabati. Baba alimgusa Nyota mguu kwa kiatu, na Nyota akasema neno alilokuwa ameagizwa aseme.

"Mvua iliingia ndani, Daktari. Iliharibika."

"Si kitu. Donc tutaanza na hii. Hii njo itakuwa kipimo chetu." Daktari aliirudisha kwenye bahasha kwa uangalifu. "Kila mwaka nitaweka picha mpya kando ya hii. Kukionekana kitu hata kidogo ambacho hapa hakipo, nitakijua mapema. Kazi yetu yote iko katika kulinganisha."

Alimpa Baba mkono. Baba aliupokea kwa mikono miwili. Walirudi nyumbani kwa miguu, na njiani Baba alipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu ulimi ule ukatwe. Mluzi haukutoka vizuri, lakini aliendelea. Nyota alitembea nyuma yake akiwaza neno moja la daktari. Kila mwaka. Mwaka ujao daktari atamweka Baba kando ya tonton Sébastien. Akiona tofauti, atasema picha imekosewa. Au Baba atamwazima tonton tena, na tena, na daktari atakaa akiangalia kifua cha mtu ambaye hakuwahi kuugua. Baba mwenyewe hataangaliwa na mtu yeyote.

Aliliona hilo waziwazi kama hesabu ubaoni, bila kulisikia.

Mama Marie-Jeanne aliipokea habari akiwa amepiga magoti jikoni akichagua mchele. Hakuinuka upesi. Alijifuta uso kwa kanga, akasema Jumapili watakula kuku na majirani. Alimwomba Hemedi, jirani yao aliyetoka Kasongo, aje amchinje kuku mwenyewe, ili yeye na mkewe Kadidja waweze kula na wengine. Baada ya misa walikaa wote uani kwenye mikeka: Baba, Mama, Nyota, tonton Sébastien, Hemedi na Mama Kadidja. Kulikuwa na kuku, sombe, na lituma, zile ndizi za kupondwa ambazo Mama alizipika vizuri kuliko mtu yeyote mtaani.

Mama alisali kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa ulimi uliokatwa na kwa kifua kilichobaki kizima. Sauti ilimtetemeka, na Mama Kadidja alimshika mkono. Kisha wote wakamgeukia mwenye nyumba wakitaka neno.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa abacost yake mwenyewe, ya kijivu, na alionekana mtu wa heshima zake.

"Waambie kifua changu ni kizima," alimwambia Nyota. "Waambie hatuna hofu tena."

Macho yote yakahamia kwa Nyota. Alifungua mdomo. Kwa miaka miwili alikuwa ameyasema yote aliyopewa: vifungo, mikono ya koti, salamu, dawa, na hata uongo wa hospitalini. Maneno haya alimrudishia mwenyewe.

"Papa, ile mimi siwezi kusema."

"Sema, mutoto," Hemedi alimhimiza akitabasamu. "Papa yako anangoja."

"Siwezi. Kile kifua si chake. Ni cha tonton."

Tonton Sébastien, aliyekuwa ameshika paja la kuku, alilirudisha kwenye sahani polepole kana kwamba nalo aliliazima. Mama aliuliza, kwa sauti ndogo, maana ya maneno hayo, na Nyota akaeleza tangu mwanzo: shati, mashine, mvua ambayo haikunyesha ndani. Alieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wateja.

"Daktari amesema atalinganisha kila mwaka," alimalizia. "Tutaazima kila mwaka, na Papa hakuna mutu atamuangalia. Kama iko na kitu ndani, kitakaa tu."

Baba aliondoka mkekani akaenda barazani. Punde wakasikia cherehani inazunguka, ingawa ilikuwa Jumapili na hakukuwa na kitambaa juu yake. Wageni waliaga bila kumaliza chakula. Mama alikusanya sahani. Nyota alingoja kupigwa, akaona kwamba hata kupigwa hakumtishi.

Cherehani iliponyamaza, Baba alimwita. Alikuwa amevua koti.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Mimi nilikuaibisha kwanza, ni vile hakukuwa na watu wa kuona." Alisugua ukingo wa meza ya cherehani. "Niliogopa, Nyota. Mzigo wangu wa woga nikautwika mtoto. Kesho twende hospitali. Utamwambia daktari kwamba mimi nilidanganya. Usiseme wewe. Sema Papa."

Kesho yake walikwenda watatu, pamoja na Mama, na picha ya mwaka jana kwapani. Nyota alisema kama alivyoagizwa. Daktari Lofemba alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliitoa ile picha ya mapafu mazuri, akampa Mama.

"Hii mumurudishie mwenyewe. Akirudi kuazimisha kifua chake, nitamupa kitanda alale hapa," alisema. Halafu akamwandikia Baba picha nyingine, na safari hii daktari mwenyewe alisimama kwenye chumba cha mashine.

Picha ya kweli ilipoinuliwa dirishani, hata Nyota aliona. Upande wa kulia, katikati ya weusi, palikuwa na doa jeupe dogo kama punje ya mahindi. Daktari aliweka picha ya mwaka jana kando yake. Pale doa halikuwepo.

"Inakuuma?" daktari aliuliza.

"Hapana," Baba alisema. "Sihisi kitu."

"Hapana," Nyota alisema. "Hahisi kitu."

"Njo vile inafanyaka. Ikianza kuuma inakuwa imekua, na mimi nakuwa sina la kufanya." Daktari aliongea polepole, akiwatazama mmoja mmoja. "Sijui bado ni nini. Inaweza kuwa kansa. Ila ni ndogo, na iko mahali pamoja. Kinshasa kuna wapasuaji wa mapafu. Muende sasa, musingoje sikukuu."

Mama alishika ukingo wa meza ya daktari. Baba alitazama madirisha. Kisha akasema neno moja, na daktari akamtazama Nyota.

"Anasema sawa," alisema Nyota.

Wateja walichukua vitambaa vyao, wengine kwa manung'uniko, na Baba na Mama wakapanda meli ya kwenda Kinshasa. Nyota aliachwa na tonton Sébastien. Mtu yule mpole alitaka kumpendeza, akampikia kila jioni chakula kilichoungua chini na kibichi juu. Hata zile nyimbo za bandarini alizozoea kuimba, tonton hakuziimba tena. Siku moja alikaa na kijiko mkononi akasema, "Nilifikiri ninamusaidia ndugu yangu," na hakuongeza kitu. Sikukuu ya chama ilifika. Nyota aliandamana na shule yake, akaimba, akapiga makofi pale walipopaswa kupiga makofi. Jua lilikuwa kali na hakulihisi. Usiku alilala vizuri, akashangaa kwamba analala vizuri.

Habari ilifika kwa fonia ya misheni, ile mitambo ya kuongelea kutoka mji mmoja hadi mwingine. Sista aliwaita yeye na tonton, akawasomea alichokuwa ameambiwa. Kile kipunje kilikuwa kimetolewa pamoja na kipande cha pafu. Kilikuwa saratani, lakini hakikuwa kimetembea kwenda kokote. Mgonjwa alikuwa anakula. Tonton Sébastien alikaa chini palepale kwenye ngazi za misheni akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka sista akamletea maji. Nyota alisimama kando yake akimshikia kikombe.

Baba alirudi amekonda, abacost ikimpwaya kama si yeye aliyeishona. Alipanda ngazi za baraza kwa kupumzika. Siku chache baadaye, Baba akiwa ameketi nyuma ya cherehani bila kushona, Hemedi alikuja. Aliwasalimu wote, akauliza habari za kidonda, kisha akamvuta tonton Sébastien kando. Baraza ilikuwa ndogo, kwa hiyo wote walisikia. Hemedi alikuwa amepata nafasi ya ulinzi kwenye ghala, wanataka picha ya kifua, na yeye amekuwa akikohoa tangu mwezi uliopita.

"Unisaidie tu hii mara moja," alisema.

"Hapana, ndugu," tonton alijibu. "Kifua hiki nimekifunga. Kilikuwa karibu kunizikia kaka yangu."

Hemedi alikunja uso. Baba alikohoa kidogo akitaka asikilizwe, na Hemedi, kwa mazoea, akamtazama Nyota. Nyota aliinua kichwa tayari kuanza kazi yake. Baba alimwekea mkono begani na kumwacha akae. Alimeza mate, akaongea mwenyewe, pole pole, neno moja moja, akilitafuta kila moja kwa kile kipande cha ulimi kilichobaki.

"Hemedi. Mashine ile haitafuti aibu yako. Inakutafuta wewe. Ukimutuma mutu mwingine, itamuona mutu mwingine. Ndugu anaweza kukubebea mzigo. Anaweza kukulipia deni. Kupona, hawezi kukuponea." Alipumzika. "Mimi nilikuwa muzima kuliko wewe. Sikukohoa hata kidogo. Na kilikuwa ndani. Aliyeniokoa ni huyu mutoto aliyekataa kusema uongo wangu. Uende na kifua chako."

Jasho lilimtoka. Hemedi hakumtazama tena Nyota. Alikuwa anamtazama Baba, na alikuwa ameelewa.

"Kesho nitaenda," alisema. "Na kikohozi changu."

Nyota alisikia kitu kinamrudia. Kilikuja kwanza kwenye vidole, vikaanza kuchoma kama mguu uliolaliwa damu inapouingia. Halafu kikafika kifuani, kikamshika, akaanza kulia. Alilia kwa ulimi ule, kwa chumba kile cha upasuaji, kwa kijana wa koti jeupe aliyewahurumia, kwa kile kipunje. Mama alitoka jikoni akakuta mtoto wake ameinama kwenye kigoda anatikisika, na wanaume watatu hawajui la kufanya na mikono yao.

"Muacheni," Mama alisema, akachuchumaa, akamkumbatia. "Muacheni alie. Alichelewa sana."